Maneno ya Moyoni na Maneno ya Miadi: Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Kihispania

Mzungumzaji wa Kihispania anayeanza kujifunza Kiingereza huwa na mtaji ambao wanafunzi wengi wa lugha hiyo hawana, kwa kuwa maelfu ya maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini yanafanana na maneno aliyoyasikia tangu utotoni, kiasi kwamba anaweza kusoma habari ya bunge au ya benki na kuelewa inakoelekea kabla hajamaliza hata muhula wa kwanza wa masomo. Hata hivyo, mtu huyohuyo akitaka kusema kwamba ana njaa, kwamba kikao kimemchosha, au kwamba atampigia mwenzake simu baadaye, hujikwaa katika maneno mafupi ya kila siku. Tatizo lake halitokani na uchache wa msamiati. Linatokana na namna Kiingereza kinavyomweka mtu ndani ya hisia yake na ndani ya mpango wake, namna inayotofautiana na ile ya Kihispania katika mambo machache yanayojirudia daima, na mwanafunzi akiyashika hayo machache huepuka miaka mingi ya kusahihishwa sentensi moja baada ya nyingine.

Wanaohusika na jambo hili ni wengi. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi zipatazo 20, kuanzia Hispania na Meksiko hadi Argentina na, kwa upande wa Afrika, Guinea ya Ikweta. Na sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya Kihispania au ya Amerika ya Kilatini, ingawa si wote wanaokizungumza Kihispania. Katika madarasa ya Kiingereza ya wahamiaji nchini humo, mtu kutoka Guatemala huweza kukaa meza moja na mkimbizi kutoka Kivu ambaye lugha yake ya kila siku ni Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili anayefundisha watu wa namna hiyo, au anayejifunza bega kwa bega nao, ana jambo la kuwafaa, kwa sababu Kiswahili na Kihispania, ingawa si lugha za ukoo mmoja, hukutana mahali pengi ambapo Kiingereza kimeshika njia yake peke yake.

Mahali pa kwanza ni kitenzi “tener”, maana yake kuwa na kitu. Kwa Mhispania, yaani mzungumzaji yeyote wa Kihispania, hisia nyingi za mwili humilikiwa kama vile mtu anavyomiliki mali: “tengo hambre” ni nina njaa, “tengo sed” ni nina kiu, “tengo sueño” ni nina usingizi, “tengo prisa” ni nina haraka, na umri nao huhesabiwa hivyohivyo, “tengo veinte años”, yaani nina miaka 20. Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu yoyote katika mifano hiyo, maana ndivyo anavyosema mwenyewe. Kiingereza, kwa upande wake, huigeuza hisia kuwa sifa ya mtu na kuiunganisha naye kwa kitenzi cha kuwa: “I am hungry”, “I am thirsty”, “I am sleepy”, “I am in a hurry”, “I am twenty”. Anayetafsiri neno kwa neno hujikuta akisema “I have hunger” au “I have twenty years”, na msikilizaji, hata akielewa, hutambua mara moja kwamba anayesema ni mgeni. Kosa la aina hiyohiyo, lakini lililogeuka upande wa pili, ni “I am agree”, linalotokana na “estoy de acuerdo”, kwa sababu Kihispania hutumia kitenzi cha kuwa pale ambapo Kiingereza kina kitenzi kamili cha kukubali, “I agree”.

Kwa hiyo mwalimu hafai kufundisha neno “hungry” likiwa peke yake kwenye kadi, kwani neno lililotenganishwa na kitenzi chake litachukua kitenzi cha lugha ya kwanza ya mwanafunzi. Linalofaa kukaririwa ni kipande kizima, “I'm hungry”, na ni vizuri zaidi kikafuatwa na sababu au tendo, kwa mfano “I'm hungry, let's eat”. Nyongeza hiyo ina kazi nyingine, ya matamshi. Kihispania, kama Kiswahili, kina irabu tano tu, ilhali Kiingereza kina zaidi ya kumi, na herufi h, ambayo Mhispania huiandika bila kuitamka, huweza kudondoka katika kinywa chake pindi akisema Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba “hungry” na “angry”, yaani mwenye njaa na mwenye hasira, huja kusikika kama neno moja. Mwaliko wa kula ukiwa umeambatana na neno hilo, msikilizaji hana pa kukosea.

Jambo la pili linahitaji subira zaidi, nalo ni tofauti kati ya anayehisi na kinachosababisha hisia. Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa: “estar”, kinachoeleza hali ya mtu kwa wakati husika, na “ser”, kinachoeleza jinsi alivyo kwa asili au kwa tabia. Kwa msaada wa vitenzi hivyo, neno moja “aburrido” hutosha kwa maana mbili, kwa kuwa “estoy aburrido” ni nimechoshwa, na “soy aburrido” ni mimi ni mtu wa kuchosha. Kiingereza kina kitenzi kimoja tu cha kuwa, hivyo kimelazimika kuihamishia tofauti hiyo mwishoni mwa neno la sifa: “bored” ni yule aliyechoshwa, na “boring” ni kile au yule anayechosha. Mwanafunzi asiyeijua kanuni hiyo husema “I am boring” akidhani ameeleza hali yake ya jioni hiyo, kumbe amejitangaza kuwa hana ladha ya kuzungumza naye. Katika usaili wa kazi husema “I am very interesting in this job”, na badala ya kuonyesha kwamba kazi hiyo inamvutia, huwa amejieleza kuwa yeye ndiye wa kuvutia.

Hapa Kiswahili kina ufunguo ambao ni hasara kuuacha mfukoni. Kauli ya kutendesha, yaani ule mnyambuliko unaoonyesha kwamba kitu fulani kinasababisha jambo litokee kwa mwingine, hugawa hisia zilezile katika jozi zilezile: kuchoka na kuchosha, kushangaa na kushangaza, kufurahi na kufurahisha, kuogopa na kuogopesha. Jozi ya kuchanganyikiwa na kuchanganya, ingawa imeundwa kwa njia nyingine, hufuata mgawanyo uleule. Mwenye kuchoka ni “tired” na kinachochosha ni “tiring”. Mwenye kushangaa ni “surprised” na kinachoshangaza ni “surprising”. Aliyechanganyikiwa ni “confused” na kilichomchanganya ni “confusing”. Mswahili hawezi kukosea kati ya nimechoka na ninachosha hata akiwa usingizini, na akiuhamishia Kiingereza uhakika huo atakuwa na kipimo cha kila neno jipya la aina hiyo analokutana nalo. Mhispania hana mnyambuliko kama huo, kwa hiyo apewe maswali mawili ya kujiuliza kabla ya kufungua kinywa, nani anahisi na nini kimesababisha, kisha azoeshwe kuzisema jozi hizo ndani ya sentensi moja: “The film was boring, so I was bored.” Sentensi kumi za namna hiyo, zilizotungwa na mwanafunzi mwenyewe kutokana na wiki aliyoipitia, zina faida kuliko ukurasa mzima wa kanuni.

Kuna pia kundi la maneno ambayo wanaisimu huyaita marafiki wa uongo, yaani maneno ya lugha mbili yanayofanana kwa sura lakini yametengana kwa maana. Katika uwanja wa hisia maarufu kuliko yote ni “embarazada”, linalomaanisha mjamzito, na “embarrassed”, linalomaanisha mwenye aibu au aliyefedheheka. Maneno haya yana shina moja la kale lenye maana ya kuzuia au kukwaza, na kila lugha imelipeleka shina hilo kwake. Neno “excitado” la Kihispania mara nyingi hudokeza ashiki ya kimwili, wakati “excited” la Kiingereza ni shauku ya kawaida, kama ya mtoto anayesubiri safari. “Sensible” kwa Mhispania ni mtu mwepesi wa kuguswa, na kwa Mwingereza ni mtu mwenye busara. Nchini Hispania mtu aliye “constipado” ana mafua tu, lakini akimwambia daktari wa Kiingereza kwamba yuko “constipated”, atapewa dawa ya kulainisha choo. Linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni “molestar”, kitenzi cha upole kinachomaanisha kusumbua, kwa sababu “molest” katika Kiingereza cha leo huashiria udhalilishaji wa kingono, na neno hilo likitamkwa mbele ya polisi au mwajiri laweza kuzua balaa isiyo na msingi.

Marafiki wa uongo wa upande wa mipango hawachekeshi, na pengine ndiyo sababu vitabu vingi huwapita haraka, ingawa madhara yao ni ya kila siku. Kitenzi “pretender” ni kukusudia, lakini “pretend” ni kujifanya, hivyo anayeandika “I pretend to visit you” amesema kwamba atajifanya kumtembelea mwenzake. “Asistir” ni kuhudhuria, “assist” ni kusaidia. “Eventualmente” ni huenda au ikitokea, ilhali “eventually” ni hatimaye, na kati ya huenda na hatimaye kuna umbali wa kutosha kuvunja mkataba. “Compromiso” ni ahadi au wajibu ambao mtu amejifunga nao, wakati “compromise” ni kila upande kulegeza masharti yake ili wapatane.

Hata pale ambapo neno la Kilatini ni sahihi, si lazima liwe ndilo linalofaa. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea wimbi kubwa la maneno ya Kifaransa na baadaye ya Kilatini juu ya msingi wake wa Kigermanik, na hadi leo tabaka hizo mbili zinasikika tofauti: “glad”, “fear” na “hope” ni maneno ya nyumbani, ilhali “content”, “anxious” na “melancholy” hunukia karatasi. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu hali hii, kwa kuwa lugha yake pia ina woga wa asili ya Kibantu na hofu iliyotoka Kiarabu, na hakuna anayeyatumia maneno hayo mawili kwa uzito uleule kila mahali. Mhispania, kwa kuvutwa na sura anayoitambua, huchagua neno la karatasi, na rafiki yake aliyefiwa au aliyekasirika humsikia kama mtu anayesoma barua ya ofisini. Hapana budi afundishwe mapema vitenzi vya maneno mawili ambavyo Waingereza na Wamarekani huvitumia katika mazungumzo ya karibu, kama “cheer up” kwa kumchangamsha mwenye huzuni, “calm down” kwa kutulia, “get over” kwa kupona jeraha la moyo, “put off” kwa kuahirisha na “call off” kwa kufuta mpango kabisa. Viwili vya mwisho vichukuliwe pamoja, kwa sababu sherehe iliyoahirishwa na sherehe iliyofutwa ni vitu viwili tofauti.

Upendo nao una mtego wake. Kitenzi “querer” hubeba kutaka na kupenda kwa pamoja, kwa hiyo “te quiero”, ambayo mama humwambia mwanawe na rafiki humwambia rafiki, haiwezi kuwa “I want you”, kama ambavyo nakupenda haiwezi kuwa nakutaka. Neno “pena” hubadilika kwa nchi: Hispania na Argentina ni huzuni, Meksiko na Kolombia ni aibu, na mwalimu mwenye wanafunzi wa pande zote mbili darasani aulize kwanza kabla ya kusahihisha. Na kwa kuwa jambo hili linawagusa Waswahili vilevile, yafaa ikumbukwe kwamba “sorry” haina upana wa pole. Kwa Mwingereza neno hilo kwanza ni kukiri kosa, na akijikwaa njiani kisha akasikia mpita njia akimwambia “sorry”, huweza kumjibu kwamba kosa si lake. Kwa mwenye msiba au ugonjwa, kinachotakiwa ni sentensi kamili, “I'm sorry to hear that” au, kwa aliyefiwa, “I'm so sorry for your loss”.

Kwa upande wa mipango, ugumu mkubwa ni kwamba Kiingereza hakina alama moja ya wakati ujao inayolingana na -ta- ya Kiswahili, ingawa wanafunzi wengi hufundishwa kwamba “will” ndiyo hiyo. Kuna namna tatu zinazotumika sana, na kila moja humweleza msikilizaji jinsi mpango ulivyozaliwa. Uamuzi unaokatwa papo hapo, wakati mtu anazungumza, hutumia “will”, kama katika “I'll help you”. Nia iliyokwisha kuwamo moyoni hutumia “going to”. Na jambo lililokwisha kupangwa na wengine, lenye siku na saa yake, huelezwa kwa umbo la tendo linaloendelea, kama katika “I'm meeting Ana on Friday”. Mhispania aanzie katikati, kwa sababu “voy a viajar” na “I'm going to travel” zinalingana karibu kipande kwa kipande, na kuanzia kwenye ushindi huwapa wanafunzi moyo. Anapoteleza ni pale anapotumia wakati uliopo wa kawaida, ambao kwao ni sahihi kabisa kwa jambo la baadaye: “te llamo luego” hugeuka “I call you later”, ilhali ahadi ya namna hiyo kwa Kiingereza ni “I'll call you later”.

Tofauti ya namna hizo huonekana vizuri katika mazungumzo mafupi. Mtu akiulizwa “Are you free on Friday?”, naye akajibu “I'm working until six, but I'll come after that”, jibu lake lina pande mbili zenye asili tofauti. Kazi ya Ijumaa ilipangwa zamani na bosi wake, na ndiyo maana imekaa katika umbo la tendo linaloendelea. Kuja kwake ameamua sasa hivi, kwa ajili ya aliyemwalika, na “will” ndiyo inayompa mwenyeji habari hiyo njema. Anayejibu “I will work until six” hueleweka, lakini husikika kana kwamba ameamua muda huohuo kufanya kazi ili asije.

Matakwa juu ya mtu mwingine yana kikwazo kinachostahili zoezi lake. Kihispania husema “quiero que vengas”, na Kiswahili husema nataka uje, na lugha zote mbili hubadilisha umbo la kitenzi cha pili ili kuonyesha kwamba tendo bado ni matakwa, hali ambayo Kiswahili huionyesha kwa irabu -e ya mwisho. Kiingereza cha kila siku hufanya vingine kabisa: anayetakiwa kutenda huwekwa mara tu baada ya kitenzi cha kutaka, “I want you to come”, na sentensi “I want that you come”, inayosikika vinywani mwa Wahispania wengi, haikubaliki. Kwa mtu asiye wa karibu, “I'd like you to come” ni ya heshima zaidi, kama ambavyo naomba hutangulia nataka katika duka la Unguja au Dar es Salaam.

Maneno ya saa na siku huonekana mepesi, ila ndiyo yanayomwacha mtu akisubiri peke yake. “Mañana” ni kesho na pia ni asubuhi. “Tarde” huanza mchana na kuendelea hadi machweo, na nchini Hispania huweza kufika saa mbili za usiku wakati wa kiangazi, kwa hiyo haina budi kugawanywa kati ya “afternoon” na “evening”. “Buenas noches” husemwa wakati wa kufika na wakati wa kuondoka, lakini “good night” ni ya kuagana tu. Marekani huandika mwezi kabla ya siku, hivyo 5/6 kwao ni tarehe 6 Mei na kwa Mhispania ni tarehe 5 Juni. Mwenye barua ya hospitali au ya mahakama aandike jina la mwezi kwa herufi, na akipokea tarehe ya tarakimu tupu aulize. “Cita” nayo ni miadi ya daktari na miadi ya wapenzi, ilhali Kiingereza huita ya kwanza “appointment” na ya pili “date”.

Kukataa mwaliko ni ustadi wa mwisho, na usipuuzwe. Kiingereza hulainisha kukataa kwa neno la hisia: “I'd love to, but I'm working that day”, au “I'm afraid I can't make it”, ambapo neno la woga halina woga wowote ndani yake, linabeba masikitiko ya adabu tu. Mwanafunzi anayejibu “No, I can't” ametoa taarifa sahihi na ameumiza mwaliko. Akijua sentensi hizo mbili, na ya tatu ya kupendekeza siku nyingine, “How about Sunday?”, atakuwa na uwezo wa kukataa bila kupoteza rafiki.

Njia ya kuyahifadhi haya yote ni daftari dogo lisilo na orodha ya maneno. Kila jioni mwanafunzi aandike sentensi tano tu za Kiingereza kuhusu siku yake: mbili za alichohisi na kilichosababisha, mbili za anachopanga kesho na atakutana na nani, na moja ambayo angependa kumwambia mtu fulani lakini hakuweza. Mwenzake, awe Mhispania au Mswahili, amsomee kwa sauti kesho yake na kumuuliza nani anahisi, nini kimesababisha, na mpango huo uliamuliwa lini. Baada ya siku 30 daftari litakuwa na sentensi 150, na zote zitakuwa za maisha yake mwenyewe.